Klabu Ina Msemaji, Haina Masjala

Washa redio yoyote ya Dar es Salaam saa 3 asubuhi, wiki ya dabi. Utasikia mawasiliano ya michezo kama wengi wetu tunavyoyaelewa: msemaji wa Msimbazi (Simba) anatamba, msemaji wa Jangwani (Yanga) anajibu, mtangazaji anachochea kuni. Hiyo ni hamasa, na ina kazi yake. Inauza tiketi, inauza jezi, inamtoa mtu Tegeta na daladala mbili mpaka Temeke. Ila hakuna klabu iliyoshuka daraja kwa sababu msemaji wake hakutamba vya kutosha. Pointi, fedha na wachezaji hupotelea kwingine kabisa: kwenye barua iliyolala mezani kwa mlinzi, kwenye barua pepe ambayo nywila yake anayo katibu aliyeondoka, kwenye saa iliyoandikwa 16:00 ikasomwa saa 4.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa mjini. Mei 8, 2021 Simba na Yanga walipangiwa kucheza Uwanja wa Benjamin Mkapa saa 11:00 jioni. Siku hiyo hiyo Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) likatoa taarifa kwamba, kwa maelekezo ya wizara yenye dhamana ya michezo, mchezo umesogezwa hadi saa 1:00 usiku. Yanga wakashika kanuni: mabadiliko ya muda wa mchezo yazifikie klabu angalau saa 24 kabla. Wakaja kwa saa ya zamani, wakapasha misuli, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa mpya. Mchezo ukaahirishwa, ukachezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0.

Vijiweni bado watu wanabishana nani alikosea. Kwa kiongozi wa klabu, kubwa au ya mtaani, swali lenye faida ni dogo zaidi: taarifa ilimfikia nani, saa ngapi, na ushahidi uko wapi? Kanuni inayotaja saa 24 haina maana mpaka mtu aweze kuonyesha saa ile ilipoanza kuhesabiwa. Tarehe ya juu ya barua haisaidii, kwa sababu hiyo ni siku iliyochapwa. Sahihi ya aliyeiandika haisaidii. Kinachohesabika ni kupokelewa.

Dawa yake ni masjala, yaani sehemu ya kupokea na kutunza barua, na masjala inaanza na daftari la dispachi, la kuandikia barua zinazoingia na zinazotoka, kitu ambacho kila shule ya msingi inacho na klabu nyingi za soka hazina. Nunua kaunta buku mbili, kwaya 3 zinatosha msimu mzima. Moja ya barua zinazoingia, moja ya zinazotoka. Chora safu: tarehe, saa, kumbukumbu namba, inatoka au inakwenda kwa nani, kichwa cha barua, idadi ya kurasa, jina la mpokeaji, sahihi, simu. Safu inayoachwa wazi kuliko zote ni ya saa, na ndiyo itakayokuokoa. Barua ikitoka, itoke na nakala. Halisi inabaki ulikoipeleka, nakala inarudi na mhuri wa "IMEPOKELEWA", tarehe, na saa iliyoandikwa kwa mkono pembeni ya mhuri. Mhuri wa tarehe peke yake hauna saa, kwa hiyo muombe aliyepokea aandike. Akikataa kugonga mhuri, na wapo, andika mwenyewe jina lake na saa, piga picha ya nakala, kisha ukiwa bado umesimama pale kaunta tuma PDF ile ile kwa barua pepe ya taasisi yake. Ushahidi wa pili umeshapatikana kabla hujapanda bodaboda.

Hapa mtu ataniuliza, WhatsApp je? WhatsApp ni ya kuharakisha, haina uwezo wa kuthibitisha. Tiki mbili za bluu zinaonyesha ujumbe umefunguliwa. Hazionyeshi umefunguliwa na nani, wala kwamba aliyefungua ana mamlaka ya kupokea kwa niaba ya klabu. Tena kuna mtego: kwenye grupu la makatibu wa wilaya, tangazo la kubadilisha uwanja linawekwa saa 2 usiku, kufikia saa 3 limefunikwa na video za magoli na salamu za pole. Utaratibu unaofanya kazi ni grupu la matangazo ambalo msimamizi peke yake ndiye anayeandika, na kila klabu inajibu kwa namba binafsi ya mratibu kwa maneno kamili: "Tumepokea mabadiliko: Jumapili, saa 8:00 mchana, uwanja fulani." Asiyejibu ndani ya saa 2 anapigiwa simu. Neno "sawa" lisihesabiwe kuwa jibu, kwa sababu mtu anasema sawa hata alichosoma kikiwa kingine. Ujumbe wa sauti nao ni mzuri kwa kubembelezana, mbaya kwa tarehe: hautafutiki, na kelele za Kariakoo zinakula namba.

Tukija kwenye barua yenyewe. Ugonjwa wetu ni "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", ikifuatiwa na salamu, shukrani kwa ushirikiano mzuri na pongezi kwa kuchaguliwa, halafu ombi lenyewe linatokea mstari wa tisa bila saa. Anayesoma ana barua ishirini mezani. Timu ngeni inayotaka kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mchezo iandike hivi tu:

YAH: MAZOEZI YA TIMU NGENI, UWANJA WA UHURU, IJUMAA SAA 10:00 JIONI
Timu yetu itafanya mazoezi Uwanja wa Uhuru siku ya Ijumaa, saa 10:00 hadi saa 11:00 jioni, siku moja kabla ya mchezo. Msafara una wachezaji 24 na viongozi 9, basi 1 na gari dogo 1. Tunaomba geti lifunguliwe saa 9:30 alasiri. Atakayekuwa getini kwa niaba yetu ni meneja wa timu (namba ya simu). Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Alhamisi saa 6:00 mchana.

Mistari michache, basi. Chini yake, nakala kwa mwenyeji, meneja wa uwanja, kamishna wa mchezo, mratibu wa mchezo na polisi wa eneo. Nakala hizo si mapambo. Machi 7, 2025, usiku wa kuamkia siku ya dabi nyingine, Simba walisema wamezuiwa kuingia Mkapa kufanya mazoezi ambayo kanuni inawapa wageni, wakatangaza kwamba hawatacheza. Kesho yake Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo, huku Yanga wakisema wako tayari na wakafika uwanjani. Ulikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa nani alimzuia nani. Ninachosema ni kwamba haki iliyoandikwa kwenye kanuni haijui kufungua geti. Geti linafunguliwa na mtu mwenye ufunguo, na mtu huyo lazima awe na karatasi mkononi na bosi wa kumpigia simu. Meneja wa timu afike dakika 45 kabla ya basi, amuulize mlinzi kwa jina: "Umeambiwa tunakuja?" Akisema hajaambiwa, bado una dakika 45 za kupiga simu. Basi likishafika limejaa wachezaji, na mashabiki wa upande wa pili wameshajazana, hapo hakuna tena mazungumzo.

Sasa twende kwenye kosa la bei mbaya zaidi, ambalo redio hazilizungumzi mpaka klabu imeshafungiwa kusajili.

Mchezaji wa kigeni asipolipwa mishahara ya miezi 2 ipasavyo, kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinampa haki ya kuvunja mkataba, ila kwanza aiandikie klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Siku 15 hizo ni zawadi kwa klabu. Ndani yake unaweza kulipa nusu, kuomba ratiba ya malipo, kukaa naye mezani na wakala wake. Kinachotokea: barua inatumwa kwenye anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye mkataba, anwani iliyofunguliwa na kiongozi aliyeshindwa uchaguzi, hakuna anayeifungua. Siku ya 16 mchezaji yuko uwanja wa ndege, na msemaji anaita waandishi kuwaambia "ametoroka".

Kesi ikifika FIFA, siku zinaendelea kuhesabika. Uamuzi mara nyingi huja kwanza bila sababu. Una siku 10 za kuomba sababu kwa maandishi. Usipoomba, uamuzi unakuwa wa mwisho na mlango wa rufaa unafungwa. Ukizipata sababu, una siku 21 kwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Usipolipa ndani ya siku 45 tangu kujulishwa, unaweza kuzuiwa kusajili hadi madirisha 3 kamili mfululizo. Tazama namba hizo: 15, 10, 21, 45. Kila moja inaanza na neno "kujulishwa", na kujulishwa siku hizi ni kwa njia ya kielektroniki, iwe umefungua kikasha chako au hujafungua. Kusema hukuona si utetezi.

Kwa hiyo klabu yenye mchezaji wa kigeni hata mmoja iwe na anwani moja ya kiofisi, isiyo na jina la mtu, inayosomwa na watu wawili (katibu mkuu na mwanasheria au mhasibu) kila siku ya Mungu saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kila ujumbe wenye siku za mwisho uandikwe kwenye ubao wa ofisini kwa kalamu nyekundu: uliingia lini, unaisha lini, nani anajibu. Weka onyo siku 3 kabla. Na ikiwa barua ni ya Kifaransa au Kiingereza kizito cha kisheria, usimkabidhi kijana wa mitandao ya kijamii atafsiri kwa simu. Lipa mtafsiri. Ni bei ya jezi chache.

Saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia machweo na macheo, dunia ya ratiba inahesabu kuanzia usiku wa manane. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likiandika 16:00 GMT, ongeza 3 upate 19:00 ya Dar es Salaam, toa 6 upate... hapa ndipo watu wanapoanguka, kwa sababu 19 toa 6 ni 13, na hakuna saa 13. Toa 12 tena, ni saa 1:00 usiku. Ikiandikwa kwa saa za Cairo, angalia msimu: tangu 2023 Misri wamerudisha saa za kiangazi, hivyo kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba saa yao ni sawa na yetu, miezi mingine wako nyuma yetu kwa saa 1. Kila barua ya ratiba inayotoka ofisini iandikwe saa zote mbili: "saa 1:00 usiku (19:00)". Na "usiku wa Jumamosi" piga marufuku kabisa. Kwa mtu wa pwani aliyelelewa na bibi yake, usiku wa Jumamosi ni ule wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kwa aliyekulia na ratiba za televisheni, ni Jumamosi jioni. Dirisha la usajili likifungwa saa 5:59 usiku, tofauti hiyo ni siku nzima. Andika tarehe.

Ndani ya timu mambo ni mafupi zaidi lakini yanaumiza vile vile. Pembetatu ya daktari, kocha na meneja ikiongea kwa mdomo tu, mchezaji aliyeumia paja anajikuta kwenye mazoezi ya kasi kwa sababu daktari alisema "anaendelea vizuri". Anaendelea vizuri kuelekea wapi? Ripoti ya daktari iwe karatasi moja, kila siku kabla ya saa 2 asubuhi, yenye majina na moja ya hali tatu: anafanya yote, anafanya sehemu (taja ipi: kukimbia bila mpira, bila kugombea), hafanyi. Mwisho, tarehe ya kuangaliwa tena. Karatasi hiyo iishie kwa watu watatu. Msemaji apewe sentensi moja tu ya kusema nje, na mchezaji awe ameikubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na kuanika picha ya vipimo vya goti la mchezaji Instagram ili kuwatuliza mashabiki ni kujitafutia kesi.

Kocha wa kigeni asipewe mkalimani wa kubahatisha. Mchezaji kutoka Kongo anayejua Kifaransa na Kiswahili huwa ndiye daraja la bure la kila klabu, na tunamtumia mpaka kwenye vikao vya nidhamu vinavyomhusu rafiki yake. Hapo atatafsiri kwa huruma, na huwezi kumlaumu.

Kuhusu siku ya mechi kubwa, Mkapa unaingiza watu 60,000, na umati huo ukishajaa mtandao wa simu unalegea. Viongozi wa mageti wakitegemea WhatsApp saa 10 jioni wako peke yao. Redio za upepo, chaneli moja ya usalama, moja ya tiketi, moja ya timu, na maneno mafupi yaliyokubaliwa asubuhi: geti namba ngapi, hali gani, unahitaji nini. Nje ya uwanja, tangazo la muda wa kufungua mageti litoke siku 2 kabla, lirudiwe asubuhi ya mchezo, na liseme mwenye tiketi ya mzunguko apite wapi, wa VIP apite wapi, na saa ngapi asiye na tiketi asisogee kabisa. Tangazo la "mashabiki wajitokeze kwa wingi" bila hayo ni hatari. Mei 28, 2023, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, msukumano wa watu wa kuingia uwanjani hapo ulimaliza uhai wa mtu na kujeruhi wengine. Msemaji aliyezoea kuita watu lazima awe pia na mamlaka ya kuwaambia wabaki nyumbani, na ajue sekunde ya kuanza kusema hivyo.

Habari mbaya ina foleni yake. Klabu ikiamua kuachana na kocha, wa kwanza kujua ni kocha, ana kwa ana. Wa pili ni wasaidizi na nahodha, kisha wachezaji wote wakiwa pamoja. Halafu mdhamini, kwa simu ya mtendaji mkuu, si kwa barua. Halafu umma. Kati ya kocha na umma zisipite zaidi ya saa 2, maana grupu la kamati tendaji lina wajumbe 15 na angalau mmoja ana rafiki mwandishi. Skrinshoti haina kiapo cha siri. Taarifa kwa umma iwe imeshaandikwa kabla ya kikao na kocha, ikiwa na aya 3: uamuzi, nani anashika timu kuanzia kesho mazoezini, lini taarifa nyingine. Aya ya sababu ninaiogopa. Karibu kila neno ndani yake litasomwa na wakili wa kocha.

Mdhamini kwa kawaida haombi makubwa: ripoti ya mwezi, kurasa 2, picha za nembo yake kwenye jezi, bango na mkutano na waandishi, na idadi halisi ya waliofikiwa. Mtumie kabla hajauliza.

Wanachama ndio tunaowasahau mpaka uchaguzi. Katiba ya klabu ikisema mkutano mkuu utangazwe siku 21 kabla, hesabu kutoka siku tangazo lilipowafikia matawini, na uwe na orodha ya makatibu wa matawi waliosaini kupokea. Tangazo lililobandikwa ukutani makao makuu na kupigwa picha ni ushahidi kwamba ukuta umejulishwa. Ajenda iende pamoja na hesabu za fedha, siyo "zitagawiwa ukumbini", kwa sababu mwanachama anayepewa kurasa 12 saa 4 asubuhi akiwa amekaa juani hatazisoma, atapiga kelele tu, na ana haki. Muhtasari wa mkutano uliopita usomwe na "yatokanayo" yajibiwe moja moja: tuliagiza nini, nani alitekeleza, imebaki nini. Baraza la Michezo la Taifa na msajili wa vyama vya michezo wakiletewa malalamiko, karatasi za mkutano ndizo watakazotaka kuona, na klabu isiyo na karatasi inajikuta inajieleza kwa mdomo mbele ya mlalamikaji mwenye faili.

Jambo la mwisho ni makabidhiano, linalofanywa vibaya karibu kila klabu ya mtaani, na nyingi za juu. Uongozi mpya unapokea kombe, jezi na deni. Haupokei funguo za mawasiliano. Iandikwe orodha: anwani za barua pepe na nywila zake, kurasa za Instagram na Facebook, akaunti ya mfumo wa usajili wa wachezaji, mhuri, madaftari ya dispachi, na laini ya simu ya klabu. Laini hiyo isajiliwe kwa jina la taasisi. Ikisajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha katibu, basi siku akihama Dar es Salaam kwenda kulima Kilombero, kila msimbo wa kufungulia barua pepe utakuwa unaingia kwenye simu iliyozimwa shambani, na mkiomba nywila mpya mfumo utawaambia kwa upole kabisa kwamba ujumbe umetumwa kwenye namba inayoishia na 47.